Injini ya pikipiki imekufa na hela haitoshi: uitengeneze, ununue mtumba au uweke mpya?

Injini ikishakufa kweli, yaani konrodi (mkono unaobeba pistoni) imetoboa kesi (mwili wa nje wa injini) ikachungulia nje, au pistoni imeganda ndani ya silinda na kiki haishuki hata ukiisimamia na miguu yote miwili, watu wengi wanakimbilia kuuliza bei ya injini nyingine. Swali siyo baya ila limewahi. Bei anayokutajia muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Injini ya bei rahisi ni ile ambayo umepiga hesabu yake yote mpaka siku pikipiki inatembea barabarani, siyo mpaka siku umeibeba kutoka kwa muuzaji. Huu mwongozo wote umekaa juu ya hilo.

Hatua ya 1: jua kilichokufa ni nini hasa

Neno "injini imenoki" linabeba magonjwa kumi tofauti. Kuna fundi akisikia kelele tu anasema nunua injini, na kuna mwingine kila kitu kwake ni ringi. Usikubali jibu lolote kabla hakuna kitu kimefunguliwa au kupimwa.

Anza na oili kwa sababu haina gharama. Imwage kwenye beseni safi, iache itulie, kisha pitisha sumaku. Vipande vinavyoshika sumaku ni chuma, vimetoka kwenye gia, beringi, cheni ya taimingi au krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Vinavyong'aa na havishiki sumaku mara nyingi ni alumini, hapo ujue pistoni inaliwa, au hedi (kifuniko cha juu ya silinda) sehemu inapolalia kamshafti, shafti inayofungua valvu, au kesi yenyewe. Vumbi jeusi laini kiasi ni kawaida ya klachi, usipaniki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kuna maji yameingia, kama injini ina rejeta basi gasketi ya hedi au sili ya pampu ya maji imeachia, kama ni ya kupozwa na hewa basi mara nyingi imezama mahali au imeoshwa vibaya.

Kama krenki bado inazunguka, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Injini iwe na joto, eksileta ifunguliwe mpaka mwisho (hapa ndipo wengi wanaharibu kipimo, wanapima eksileta ikiwa imefungwa halafu wanalia namba ndogo), piga kiki au stata mpaka mshale usiongezeke tena. Injini nyingi ndogo zilizo nzima zinacheza kati ya 120 na 180 psi (kipimo cha presha), ila namba ya kitabu cha pikipiki yako ndiyo hakimu, maana kuna injini zina kifaa cha kupunguza kompresheni kwenye kamu ili kiki iwe nyepesi, zinasoma chini na ni nzima kabisa. Ukipata namba mbovu, tia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana shida ni ringi au silinda, isipopanda shida iko juu, valvu au gasketi. Mwenye kompresa ya upepo anaweza kwenda mbali zaidi, weka pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, ingiza upepo, sikiliza unapotokea. Ekzosi ikipuliza ni valvu ya ekzosi, kabureta ikipuliza ni valvu ya kuingizia, ukisikia kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi.

Baada ya hapo fungua hedi na silinda. Kwenye injini nyingi za silinda moja hii ni kazi ya asubuhi moja na hata injini haishuki kwenye fremu. Ukishaitoa silinda, shika konrodi uivute juu na kuisukuma chini wima, bila kuizungusha. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, imeachiwa nafasi kwa makusudi. Kucheza juu chini hakutakiwi hata kidogo, ukisikia "tk tk" hata kwa mbali krenki imekwisha na usidanganywe kwamba itavumilia. Halafu shika magneto (gurudumu la kuzalisha umeme kwenye ncha ya krenki) uisukume juu chini, ikicheza ni beringi kubwa za krenki.

Ukifika hapo tayari una jibu la maana: ubovu uko juu tu, au juu na chini, au kesi yenyewe imepasuka. Haya ni matatizo matatu tofauti na hela zake ni tofauti.

Hatua ya 2: nani aliyeua

Wengi hapa wanaruka, halafu injini ya pili inakufa kifo kilekile. Injini haifi yenyewe tu. Michirizi mirefu kuzunguka pistoni nzima mara nyingi ni joto kali au kukosa oili. Pistoni iliyotoboka au kuyeyuka katikati ya kichwa ni mafuta kidogo hewa nyingi, au taimingi ya moto imewahi, au plagi ya joto lisilo lake. Silinda iliyolika kama imepigwa msasa wa vumbi ni eya klina, imechanika au ilitolewa kabisa na mtu fulani aliyeona pikipiki "inapumua vizuri". Konrodi iliyogeuka rangi ya bluu au kahawia chini ni oili haikufika. Valvu zilizopinda ni cheni ya taimingi imeruka au imekatika, au mtu ameingiza gia ya chini kwenye mwendo wa juu.

Kila kimoja kati ya hivyo kina kitu nje ya injini au pembeni yake ambacho unatakiwa kukishughulikia bila kujali umechagua njia gani. Kabureta chafu, mpira wa manifoldi uliopasuka unaonyonya hewa, eya klina, rejeta iliyoziba, feni isiyowaka. Kiingize kwenye bajeti sasa hivi, usisubiri.

Hatua ya 3: njia ziko tano, siyo mbili

Watu wanabishana "kutengeneza au kununua" wakati chaguo ni zaidi ya hapo.

Njia ya kwanza ni ovahoo (kufungua na kufufua injini) ya juu, pistoni, ringi, silinda, valvu, sili na gasketi. Hii inafaa pale tu ambapo chini umepima na ni pazima. Silinda ya chuma inachongwa kwa pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya kiwandani), kawaida zinapanda 0.25, 0.50, 0.75 mpaka milimita 1.00, kwa hiyo angalia kwanza namba iliyogongwa kwenye kichwa cha pistoni ya zamani, kama tayari ni 1.00 basi silinda imemaliza maisha yake, inawekwa slivu (bomba jipya la ndani ya silinda) au inanunuliwa nyingine. Pia siyo kila silinda inachongwa. Zile za alumini zilizopakwa ndani tabaka gumu la nikeli hazichongwi kwa ovasaizi namna hiyo, ama zipakwe upya na wenye mashine zake ama ununue nyingine, na hapo bei inabadilika kabisa. Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke silinda na pistoni pamoja kwa mchongaji apime pistoni yenyewe na kuacha nafasi inayotakiwa. Anayechonga kwa kukariri namba kichwani mwambie asante, tafuta mwingine.

Njia ya pili ni ovahoo yote, juu na chini. Injini inashuka, kesi inafunguliwa, krenki, beringi zote, sili zote, unaangalia na gia. Kwa injini ndogo za silinda moja zinazotumika sana, krenki mara nyingi inauzwa nzima ikiwa na konrodi yake, na kwa kawaida ni afadhali hivyo kuliko kubadilisha konrodi peke yake, kwa sababu krenki hizi zimebanwa kwa presi na ukizitenganisha lazima zirudishwe na kunyooshwa kwa geji ya kupima mzunguko, siyo nyundo na jicho. Fundi akikuambia ataipiga nyundo mpaka inyooke, beba krenki yako uondoke.

Njia ya tatu ni injini ya mtumba, nzima. Njia ya nne ni injini mpya kabisa ya kwenye boksi. Njia ya tano wengi hawaifikirii: kununua pikipiki nzima ya aina yako iliyopata ajali ambayo mbele imesagika lakini injini inawaka. Unaisikia ikiwaka kabla hujatoa hela, unapata nyaya zake, kabureta, sidiai (boksi dogo la umeme linaloamuru plagi iwake), na mabaki unauza spea mojamoja. Inataka nafasi ya kuweka vyuma na subira ya kuuza, ila kwa pikipiki kubwa ambazo spea zake ni ghali mara nyingi ndiyo njia inayotoka na gharama ndogo kuliko zote.

Na msimamo wangu mimi, uchukue au uache: kwa injini ndogo ya silinda moja inayopozwa na hewa, kama kesi ni nzima, tengeneza yako. Spea zipo kila mahali, unajua historia yake, na ukiifunga vizuri unajua kilichomo ndani. Injini ya mtumba ya aina hiyo kwa kawaida ilitolewa kwenye pikipiki kwa sababu fulani na muuzaji hatakuambia. Lakini kwa injini ya silinda mbili au nne, hesabu inageuka. Gasketi seti nzima tu, beringi, pistoni nne, kuchonga silinda nne, valvu 16, ukijumlisha unakuta injini ya mtumba iliyotoka kwenye pikipiki ya ajali ni nafuu mara kadhaa. Huko kutengeneza ni kwa mwenye mapenzi na hiyo injini au anayefanya kazi mwenyewe.

Kesi ikitoboka je? Alumini inachomelewa kwa gesi ya agoni, na kama tundu liko kwenye ukuta tu, mbali na viti vya beringi na mbali na sehemu ya kukutania gasketi, kazi inaweza kutoka vizuri. Ufa ukipita kwenye kiti cha beringi achana nayo. Kesi inanunuliwa pea, kushoto na kulia, kwa sababu zilichongwa zikiwa pamoja, ukichanganya nusu ya huku na nusu ya kule krenki haikai kwenye mstari. Na namba ya injini imegongwa kwenye kesi, kwa hiyo ukibadilisha kesi umebadilisha namba, hilo tunalifikia.

Hatua ya 4: piga hesabu kabla hujampigia mtu simu

Chukua karatasi. Andika pikipiki yako ingeuzwa bei gani ikiwa inatembea vizuri, ifanye hiyo ni 100. Andika ingeuzwa bei gani leo hivyohivyo ilivyo na injini mfu, tuseme 30. Tofauti ni 70. Kama gharama ZOTE za kuirudisha barabarani ni 40, tengeneza na usiangalie nyuma. Kama ni 75, kaa chini ufikirie, kwa sababu ukiiuza kwa 30 na kuongezea ile 75 uliyotaka kutumia una 105 mkononi, hela ya kununua nyingine kama hiyo inayotembea na chenji inabaki. Kuna sababu nzuri za kutengeneza hata hivyo, fremu ni imara, unaijua, umeipenda, au ile utakayonunua nayo huijui ina nini, lakini angalau uamue ukiwa unaiona hiyo tofauti.

Sasa gharama zote ni zipi. Injini yenyewe au spea zake. Usafiri wa injini. Fundi kushusha na kupandisha. Oili, na siyo mara moja, utamwaga mapema kwa hiyo hesabu mara mbili. Filta, plagi, gasketi za ekzosi na manifoldi. Sproketi ya mbele na pengine cheni. Kile kilichoua injini ya kwanza. Ada za kubadilisha namba ya injini kwenye usajili. Na kama pikipiki ndiyo inakulisha, siku ambazo haitembei ni hela pia, ovahoo inaweza kukuchukua muda mrefu ikisubiri silinda kutoka kuchongwa wakati injini nzima inaingia ndani ya siku moja. Kwa mtu wa namna hiyo injini iliyo ghali kidogo lakini inayoingia leo inaweza kuwa ndiyo nafuu.

Juu ya jumla yote tenga akiba ya robo hivi usiiguse. Ukiifungua injini utakuta kitu, bolti iliyokatikia ndani, uzi wa alumini uliochubuka, sili ya shafti ya gia. Daima utakuta kitu. Kama bajeti inafika ukingoni bila hiyo robo, basi hiyo njia huna uwezo nayo kwa sasa, chagua njia yenye gharama ndogo zaidi au subiri.

Hatua ya 5: kukagua injini ya mtumba

Ikiwa bado iko kwenye pikipiki, fika kabla hawajaiwasha. Weka mkono karibu na injini, ikiwa ya moto ujue wameiwasha mapema kwa sababu haiwaki ikiwa baridi, au ikiwa baridi ina kelele wasiyotaka uisikie. Waambie unasubiri ipoe. Anayekukatalia kusubiri amekujibu tayari.

Ikiwaka ikiwa baridi sikiliza sekunde za kwanza. Kelele ya juu ya "tik tik tik" inayofuata mwendo wa injini inaweza kuwa valvu tu zinataka kurekebishwa. Kugonga kwa chini, kuzito, kunakoongezeka ukipiga resi ni krenki, ondoka. Moshi wa bluu wakati wa kuachia eksileta mara nyingi ni sili za valvu, moshi wa bluu unaotoka muda wote hasa ukivuta ni ringi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ukapotea ni unyevu tu.

Ikiwa imeshashushwa na iko chini sakafuni kama vyuma vingine, hapo ndipo kazi ilipo. Zungusha krenki kwa spana kwenye nati ya magneto, lazima uhisi ikigoma kwenye kompresheni na kuachia, bila kukwaruza mahali popote. Tingisha krenki kama nilivyosema juu. Zungusha sproketi ya mbele kwa mkono huku mtu mwingine anaingiza gia, zote ziingie mojamoja mpaka juu na zirudi, na nyutro ipatikane. Toa plagi uangalie rangi yake, umulike ndani uone kichwa cha pistoni. Chungulia tundu la ekzosi, likiwa na ulojo wa oili mbichi injini ilikuwa inakula oili. Fungua kifuniko cha oili unuse, oili iliyoungua ina harufu yake huwezi kuikosa. Omba imwagwe kidogo upitishe sumaku.

Halafu angalia vichwa vya bolti. Injini ambayo haijawahi kufunguliwa ina bolti zenye pembe kali na rangi ya kiwandani. Zikiwa zimechubuka na kuna silikoni nyekundu imefura kwenye kila maungio, mtu ameshaingia humo. Siyo lazima iwe mbaya, lakini muulize nani alifungua na alibadilisha nini, na majibu yake ulinganishe na unachokiona. Kuna wauzaji wanaosafisha injini kwa petroli na brashi na kuipiga rangi ya silva ing'ae. Rangi mpya kwangu mimi ni sababu ya kushusha bei, siyo kupandisha.

Mwisho wa ukaguzi, udhamini. Hata wa siku chache. Uandikwe kwenye karatasi, namba ya injini iandikwe, na iandikwe wazi kama ni kurudishiwa hela au kubadilishiwa injini, maana "ikizingua ulete" haina maana yoyote siku utakayoipeleka.

Hatua ya 6: je, itakaa?

Injini ya modeli ileile na mwaka uleule, hamna shida. Ukitoka hapo kidogo tu maswali yanaanza. Pima matundu ya kufungia kwenye fremu, umbali kati yake na kipenyo cha bolti. Pima sproketi ya mbele iko umbali gani kutoka ukingo wa kesi, ikitofautiana na ya zamani kwa milimita chache cheni itakwenda upande na kula sproketi. Angalia meno ya shafti na saizi ya cheni, 428 siyo 520 (hizo ni namba za saizi ya cheni), haziingiliani. Angalia nafasi ya stadi za ekzosi, mdomo wa manifoldi, kebo ya klachi inaingilia upande gani, kiki inagonga futiresti au hapana.

Umeme ndio unaotesa kuliko hayo yote. Kuna sidiai inayopata moto wake kutoka kwenye koili yake maalumu ndani ya magneto, na kuna inayokula umeme wa betri, ukizichanganya pikipiki haitawaka na utazunguka mafundi umeme wote wa mji. Dawa ni moja, nunua injini ikiwa na magneto yake, koili zake, soketi za nyaya zisizokatwa, na sidiai yake. Kwa pikipiki za injeksheni (zinazopuliza petroli kwa kompyuta badala ya kabureta) kaa kwenye modeli yako tu, kompyuta yake inategemea sensa ya krenki na sensa nyingine zilezile, na hapo tumia throtobodi (mlango wa hewa wa injini) na sensa zako za zamani kama ni nzima.

Sasa kuhusu injini mpya za Kichina, ambazo nyingi zimejengwa kwa muundo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ile ya fimbo za kusukuma valvu. Zina kodi imegongwa kwenye kesi na ukijua kuisoma huuziwi mbuzi kwenye gunia. Chukua 162FMJ. Namba 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni ya kupozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, J ni kundi la cc 150. Ikiwa mwisho ni I ni kundi la 125, L ni 200. Kwenye muundo huo wa CG, 156FMI ina kipenyo 56.5 na 162FMJ ina 62, lakini mwendo wa pistoni kwenye zote mbili ni milimita 49.5, ndiyo maana zinafanana sana kwa nje na watu wanatoka 125 kwenda 150 bila kugusa fremu. Ile 163FML ya cc 197 mwendo wake ni 62.2, ni ndefu zaidi, kwa hiyo usidhani nayo itaingia kwa sababu tu sura ni ileile. Na kodi inakuambia familia tu, haikuambii idadi ya gia, aina ya sidiai wala nafasi ya matundu, hayo bado unayapima mwenyewe.

Kuongeza cc kuna bei yake pia. Breki ni zilezile, petroli inaongezeka, na kama cc imeandikwa kwenye usajili wako umeshaingia kwenye mambo ya leseni na bima. Anayetafuta unafuu abaki na saizi yake.

Hatua ya 7: karatasi kabla ya hela

Namba ya injini soma mwenyewe, kwa mwanga, piga picha. Namba iliyosagwa, iliyogongwa upya kwa mkono herufi zikienda zigizaga, au "haikuwahi kuwa na namba", acha hapohapo hata kama bei inakuliza. Injini ya wizi ukikamatwa nayo unapoteza injini, hela, na pengine pikipiki inakaa kituoni. Taka risiti au mkataba wa mauziano wenye namba hiyo na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na kama injini imetoka kwenye pikipiki fulani omba nakala ya usajili wake. Halafu ulizia ofisi ya usajili ya unapoishi wanataka nini ili namba mpya iingie kwenye kadi yako, uulize kabla ya kununua, kwa sababu kuna sehemu wanataka ukaguzi na karatasi ambazo muuzaji akishapokea hela hapatikani tena. Kampuni ya bima nayo ijulishwe.

Hatua ya 8: kubadilisha yenyewe

Hapa nitapita haraka. Toa betri kwanza, funga petroli, piga picha za kila waya na kila kebo kabla ya kuchomoa. Sproketi ya mbele ilegeze wakati injini bado iko kwenye fremu na gurudumu la nyuma limekamatwa na breki, ukisahau utahangaika nayo sana chini. Laza fremu upande juu ya tairi kuukuu kama huna mtu wa kukusaidia, injini inabaki chini na fremu inanyanyuliwa, badala ya wewe kubeba injini.

Kabla injini nyingine haijaingia, ikiwa bado mezani unapoifikia vizuri, badilisha sili ya shafti ya sproketi, sili ya kiki na ya gia, osha chujio la wavu la oili, na kwa injini zenye kichujio kinachozunguka kwenye ncha ya krenki upande wa klachi, kifungue ukisafishe, matope yanayokaa humo huwezi kuamini. Sili ni vitu vya hela ndogo sana na kuzibadilisha baadaye ni kuanza upya.

Bolti za kufungia injini ziingize zote kwa mkono kwanza, hakuna inayokazwa mpaka zote zimeshika. Bolti ndogo za milimita 6 kwenye alumini nyingi zinataka nyutoni mita 10 mpaka 12 tu, mkono wa kawaida na spana ndefu unapita hapo bila kujua na uzi unachomoka. Azima spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), hasa kwa nati za hedi, na kaza kwa msalaba kwa awamu.

Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya oili za pikipiki. Oili za magari zilizoandikwa za kubana matumizi ya petroli zinaweza kufanya klachi iteleze, utafikiri umeuziwa injini mbovu kumbe ni oili.

Hatua ya 9: kuwasha na kuizoesha

Usiwashe moja kwa moja. Toa plagi, ichomeke kwenye kofia yake na uiguseshe chumani mbali na tundu ili sidiai isiumie, petroli ikiwa bado imefungwa, piga kiki mara nyingi taratibu mpaka oili ipande. Ndipo urudishe plagi, ufungue petroli, uwashe, usipige resi. Angalia uvujaji, sikiliza, zima baada ya dakika chache, acha ipoe, angalia kiwango cha oili tena. Rudia.

Kama ni ovahoo yenye ringi mpya, usiiache inanguruma ikiwa imesimama muda mrefu ukidhani ndiyo kuizoesha. Ringi zinakaa kwa kuvuta mzigo wa wastani na kuachia, kuvuta na kuachia, mwendo ukibadilikabadilika. Usibebe mzigo mzito, usipande milima mirefu, usishikilie spidi moja. Mimi oili ya kwanza naimwaga kwenye kilomita 50 hivi, ya pili kwenye 500, ndipo naingia kwenye ratiba ya kawaida. Kwa injini ya mtumba haihitaji kuzoeshwa, lakini mwaga oili ya kwanza mapema hivyohivyo, pitisha sumaku, linganisha na ulichokiona siku ya kununua, tena ufanye hivyo ukiwa bado ndani ya siku za udhamini. Pima nafasi za valvu injini ikiwa imepoa baada ya kilomita mia chache na ukaze tena bolti za injini na ekzosi.

Ile injini mfu usiiuze wala kuitupa mpaka mpya imetembea angalau wiki mbili tatu, kuna bano, spesa, sensa au kifuniko utakikumbuka usiku. Baada ya hapo igawanye. Mota ya stata, koili, klachi, kabureta, hedi kama ni nzima, gia, vyote vina wateja, na kesi iliyopasuka inauzwa kilo kama alumini. Kipande chenye namba ya injini usimuuzie mtu kabla ofisi ya usajili haijaiondoa kwenye jina lako.